Stika Mbili za Mizigo

Kila Jumanne, siku ya kuonana na wananchi, mshonaji alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Alikaa upande wa dirisha, mkoba wa kitambaa mapajani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kwa sababu alitoka kazini na huko huko angerudi. Katibu muhtasi alishaacha kumuuliza shida yake. Kwenye daftari la wageni, mahali pa kuandika sababu ya kuja, aliandika "ileile", kisha akamletea glasi ya maji.

Shida yenyewe ilijulikana ghorofa nzima. Binti yake alifariki ng'ambo, alikokuwa akifanya kazi za ndani. Akaletwa katika jeneza la mbao lenye bati ndani, limezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa pande zote, akazikwa siku hiyohiyo. Na tangu siku hiyohiyo mama yake alikuwa akisema aliyemzika si mwanawe. Aliomba kitu kimoja tu, kaburi lifunguliwe. Kila Jumanne alijibiwa kwamba kanuni hairuhusu, na kila Jumanne alishukuru, akakunja mkoba wake, akaondoka. Aliyemjibu ndiye aliyeiandika kanuni hiyo: naibu waziri wa mambo ya raia walio ng'ambo.

Naibu waziri huyu hakuwa mtu wa kuzaliwa kwenye siasa. Baba yake alikuwa mpiga chapa wa mahakama, mtu wa kuchapa hukumu za wengine mchana kutwa na kurudi nyumbani bila neno. Akiwa na miaka ishirini na mitatu, binti huyo wa mpiga chapa akaondoka kwenda kutunza wazee wa watu. Alikaa huko miaka kumi na mmoja, katika nchi tatu, na lugha zote alizozijua alizipata kwa kuosha migongo. Katika nchi ya kwanza alijifunza maneno ya maumivu, maana wazee wake walikuwa wagonjwa. Katika ya pili alijifunza adabu, kwa sababu bibi aliyemtunza hakupokea hata kijiko bila maneno manne ya heshima. Katika ya tatu alijifunza lugha ya sheria, kwa kuwa huko aligombana na wakala aliyeshikilia pasipoti yake, na ukigombana na mtu kwa lugha yake huwezi tena kuisahau.

Ni katika nchi hiyo ya tatu ambako mwenzake wa chumba alianguka kwenye ngazi za nyumba ya tajiri wake, asiinuke. Hapakuwa na ndugu wa kumsindikiza. Akamsindikiza yeye. Walipofika nyumbani alielekezwa nyuma ya uwanja wa ndege, kwenye ghala la mizigo, na hapo akamkuta mwenzake kati ya makasha ya simu na mapipa ya rangi. Upande wa kichwani jeneza lilikuwa na stika: jina, namba, uzito kwa kilo, na mshale mwekundu wa kuonyesha upande wa juu. Akapiga magoti, akaanza kuibandua kwa kucha. Gundi ya stika za mizigo imetengenezwa ishinde mvua na jua, kwa hiyo ilimchukua karibu nusu saa, na kucha mbili zikakatika. Mpiga picha wa gazeti, aliyekuwa pale kwa habari ya vipuri vilivyozuiliwa, akampiga picha.

Picha hiyo ilizunguka. Watu waliokuwa na watoto ng'ambo, na nyumba gani haikuwa naye hata mmoja, waliikata wakaiweka ukutani. Miaka miwili baadaye alikuwa bungeni. Maneno yake ya kampeni yaliingia kwenye mstari mmoja: hakuna wetu atakayefika nyumbani kama mzigo.

Na alifanya kazi, hilo hata waliomchukia hawakulikataa. Alisafiri kuwaona raia wake Jumapili, siku yao ya mapumziko, katika kumbi za kukodi zilizonuka sherehe ya jana ya watu wengine. Walikaa kwenye viti vya plastiki na makoti yao mwilini, kana kwamba wanaweza kufukuzwa wakati wowote. Wakamletea vyeti vya kuzaliwa vilivyokosewa mwezi, pasipoti zilizofungiwa makabatini, watoto wasiojulikana ni wa nchi ipi. Aliandika kila kitu kwa mkono wake. Namba yake ya simu aliigawa kama pipi. Akapitisha sheria ya mawakala, akafanywa naibu waziri, na kwa kuwa alienda mwenyewe kupokea kila jeneza, wapinzani wake wakampa cheo cha pili: Waziri wa Majeneza.

"Angalau wangu wanafika," aliwajibu siku moja bungeni. "Zenu zilizoahidiwa, barabara na madaraja, zimekwama bandari gani?" Wakacheka hata wao.

Kule ghalani alikuwa na desturi yake ambayo wafanyakazi walishaizoea. Alifika mapema, kabla ya ndugu wa marehemu, akabandua stika kwa mkono wake, akafunika jeneza kwa shuka nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe. Stika hakuzitupa. Kutupa jina la mtu kwenye pipa la taka kulimshinda. Alizigandisha kwenye kurasa za nyuma za shajara yake ya mwaka, na shajara zikajipanga kwenye rafu ya chumbani kwake, kila moja na wafu wake.

Kanuni ya kutofungua majeneza ilitokana na huruma hiyohiyo. Aliwahi kusimama kwenye ua wa familia ambapo baba alishika patasi akasema hazikwi mtu bila yeye kumwona. Mwili ulikuwa umechelewa wiki sita. Yule baba aliona, akakaa chini, na inasemekana hakuongea tena mpaka mwaka ulipogeuka. Naibu waziri aliporudi ofisini aliandika kwamba jeneza lililofungwa ng'ambo lisifunguliwe tena, wala kaburi lake, kwa afya za watu na kwa mioyo yao. Ilipita bila mtu hata mmoja kuuliza swali.

Sasa ile siku ya majeneza mawili.

Yalikuja na ndege moja, alasiri yenye mawingu. Wanawake wawili waliofariki katika mji mmoja, wiki moja: binti wa mshonaji, na binti wa fundi wa saa wa mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa basi. Majeneza yalikuwa mapacha. Wakala aliyeyanunua kule hakuhangaika hata kuweka kibao cha jina, kwa hiyo majina yalikuwa kwenye stika peke yake. Naibu waziri akazibandua zote mbili, akafunika, akayaacha kwenye matoroli mawili karibu na mlango wa uani, binti wa mshonaji kulia, wa fundi wa saa kushoto. Kichwani kwake jambo lilikuwa limepangika. Simu ikaita. Alikuwa waziri wake, na waziri hakuwa mtu wa kuambiwa asubiri, akatoka pembeni kuzungumza.

Akiwa kwenye simu mvua ikapiga. Wapagazi wakayarudisha matoroli ndani, wakayageuza, wakayatoa kwa mlango wa mbele ambako kuna paa. Aliporudi, shuka mbili nyeupe zilikuwa zimesimama sambamba, hazina tofauti. Karani wa ghala, mtu makini, alikuwa na kalamu mkononi.

"Mheshimiwa, wa mshonaji ni yupi?"

Kulikuwa na wakati hapo, si mrefu, ambao angeweza kusema hajui. Angeweza kutoa stika kwenye mkoba, akalinganisha na mizani ya getini, dakika kumi tu. Lakini nje familia mbili zilikuwa zimeshaanza kulia, na yeye alikuwa mtu wa kuulizwa na kujibu. Miaka kumi alikuwa akijibu. Akanyoosha kidole.

"Huyu," akasema.

Tangu Jumanne ya kwanza ya mshonaji, naibu waziri alijua pa kutazama. Shajara ya mwaka ule ilikuwa ya tatu kutoka mwisho wa rafu, yenye jalada la kijani. Kwa miezi kumi na minne alifuta vumbi kwenye shajara nyingine zote, ile akairuka. Alijiambia kwamba huzuni ina namna yake ya kukataa, kwamba amekutana na akina mama wengi waliosema si wangu, na hilo lilikuwa kweli. Watu wa siasa wana ustadi wa kuchagua ukweli wa kusimama juu yake.

Kisha ikaja Jumanne ambayo mshonaji hakuomba chochote. Alitoa mkobani daftari la kurasa za mistari, lenye mafuta ya cherehani kwenye kona, akalisukuma mezani.

"Haya ni maisha yake yote," alisema. "Nguo ya kwanza, miezi mitatu. Sare ya shule, kila mwaka. Hii hapa ya kusafiria. Kifua, kiuno, urefu. Mheshimiwa, wewe mwanao ungemtambua kwa sura. Mimi wangu hata ukimfunga kwenye gunia namjua kwa sentimita." Akatoa na karatasi nyingine, ya waridi, iliyokunjwa mara nne. "Na hii walinipa getini siku ile. Nimekuwa nayo muda wote, hakuna aliyewahi kuitazama. Imeandikwa kilo mia moja ishirini na saba. Wanaume sita walimbeba kutoka barabarani, wakapumzika mara tatu. Mwanangu angebebwa na wawili, watatu waliobaki wangekuwa wanapiga soga na mmoja amebeba miavuli."

Alicheka kidogo mwenyewe, kisha mdomo ukamgeuka.

Naibu waziri aliomba kubaki na ile karatasi ya waridi hadi kesho. Mshonaji akamwangalia, kwa mara ya kwanza bila kushukuru.

Njiani kurudi nyumbani alimuuliza dereva wake kama anaikumbuka siku ya mvua pale ghalani. Dereva alikuwa amemwendesha tangu uchaguzi wa kwanza, na alijua kunyamaza kwa lugha nyingi kuliko yeye. Safari hii hakunyamaza.

"Nakumbuka walivyoyageuza matoroli," alisema, macho barabarani. "Nikasema moyoni, Mheshimiwa ameona. Kisha nikakuona unanyoosha kidole. Nikasema basi, kama amenyoosha, ameona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mheshimiwa, mimi kazi yangu ni usukani."

Nyumbani alikuwepo mdogo wake wa kike, mwenye duka la vifaa vya shule, ambaye alihamia kwake kwa mwezi mmoja na huu ulikuwa mwaka wa sita. Alikuwa jikoni akimenya viazi na kuusimulia ukuta habari za siku. Naibu waziri alipita moja kwa moja chumbani, akachomoa shajara ya kijani, akafungua kurasa za nyuma. Stika zilikuwa kando kwa kando, mishale yao miwili ikitazama juu. Jina la binti wa mshonaji: kilo tisini na nne. Jina la binti wa fundi wa saa: kilo mia moja ishirini na saba. Akaweka karatasi ya waridi katikati yake. Alikaa kitandani mpaka viazi vikaiva na mdogo wake akaja kumwita.

Mdogo wake alisoma namba zile tatu kama anavyosoma risiti, haraka, kisha akakaa chini. Alikuwa mtu wa mzaha, ila hakupata wa kufaa. Akauliza nani mwingine anazo stika. Hakuna. Ghala halikubaki na nakala? Halikubaki. Waziri alikuwa anastaafu mwezi ujao, orodha ya wapya ilikuwa inaandikwa, na jina la dada yake, mji mzima ulisema, lilikuwa juu.

"Dada," alisema, "nitakwambia jambo baya, halafu utanisamehe. Jikoni kuna moto."

"Najua."

"Nimesema tu ili lisiwe la kwako peke yako."

Asubuhi hakwenda ofisini. Alimwambia dereva ampeleke kwa mshonaji, akashuka kona ya mtaa ili gari la serikali lisisimame mlangoni. Kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha mbele, cherehani mbili, ya pili imefunikwa kwa kanga. Mshonaji alikuwa anapinda pindo la pazia. Alimwona, akamwonyesha stuli kwa kidevu, akaendelea kukanyaga.

Naibu waziri aliziweka karatasi tatu juu ya meza ya kukatia, akaeleza: stika, simu, mvua, matoroli, kidole. Alieleza bila mapambo, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Mshonaji alifika mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akalikunja pazia mara mbili na kulipangusa.

"Umejua lini?"

"Stika nimezitazama jana. Kujua, nilijua siku ya kwanza uliyokuja."

"Kwa hiyo Jumanne zote zile," mshonaji alisema taratibu, kama mtu anayehesabu mishono, "nilikuwa napanda ngazi kuja kukwambia unachokijua."

Mwanamke yule hakupaza sauti, hakulia. Aliuliza tu mwanawe yuko wapi hasa, mji gani, kwa nani, na kama mahali penyewe pana kivuli. Alipojibiwa kwamba ni kwa fundi wa saa, nyuma ya nyumba, alitikisa kichwa akarudia: fundi wa saa. Kisha akamwambia mgeni wake kwamba ana kazi ya watu.

Naibu waziri alipeleka habari hizo kwa chama, nacho kikamwita kesho yake. Walikuwa wamemwandalia taarifa tayari, imechapwa vizuri, inayosema hitilafu ilifanywa na mtumishi wa ghala na hatua zimechukuliwa. Aliisoma mpaka mwisho, pamoja na yaliyomhusu karani yule makini mwenye kalamu, aliyeuliza swali pekee la maana siku ile. Akairudisha bila sahihi, akaandika yake. Magazeti hayakuhitaji maelezo mengi. Ile picha ya zamani, yeye amepiga magoti anabandua stika, ilirudi kurasa za mbele, safari hii kama ushahidi. Barua ya kumwondoa ilikuwa ya mistari mitatu, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa tarehe.

Alikuwa ameamini, na hili alilikiri baadaye kwa mdogo wake, kwamba akishalipa kwa cheo chake kitu kitarudi kwa mwenyewe. Wanasheria wakamweleza. Kanuni yake ingeweza kuwekwa kando kwa makosa ya serikali, ndiyo, lakini makaburi ni mawili, na la pili liko kwenye kiwanja cha mtu. Bila ridhaa ya mwenye kiwanja, ni mahakama, na mahakama ni miaka.

Akaenda kwa fundi wa saa, kwa basi, maana gari lilikuwa limesharudishwa na dereva kupewa mtu mwingine. Mzee alikuwa amekwisha kusoma magazeti. Alimpokea barazani, lenzi ya kazi ikiwa bado imebana jicho moja, na alipoitoa jicho lile lilionekana dogo na jekundu. Nyuma ya nyumba mgeni wake aliweza kuona ukuta mfupi wa kaburi, nyasi zilizokatwa kwa mkasi, na kiti kimoja.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema binti yake alikuwa mrefu kuliko yeye, mchezaji wa mpira wa mikono, na kwamba alipobeba jeneza lile akalikuta jepesi alidhani ni ugonjwa. Alimlilia mtoto mara mbili, mara ya kufa na mara ya kukonda.

"Mwezi wa kwanza nilikuwa nalia tu," alisema. "Wa pili nikaanza kumsimulia. Kila jioni, saa niliyotengeneza, ya nani, ilikuwa na ugonjwa gani. Sasa anazijua zote. Leo unakuja kuniambia nilikuwa namsimulia mtoto wa mtu."

"Wako yupo, baba. Yuko kwa mama mmoja mshonaji. Anaweza kurudi."

"Umenipa mtoto mara moja, Mheshimiwa. Usinipe tena." Aliinuka. "Aliye pale ni wangu. Yule mwingine, mwambie huyo mama amtunze."

Akamfungulia geti mwenyewe, kwa adabu, na kulifunga polepole ili lisipige kelele.

Mshonaji alipopelekewa jibu hilo aliendelea kukanyaga cherehani. Naibu waziri wa zamani akataja mahakama, akataja wakili ambaye angesimama bure. Mshonaji akamkatiza. Alimuuliza kama anataka amburure mzee aliyefiwa kizimbani kwa ajili ya kidole cha mtu mwingine. Baada ya hapo akasema kwamba yule dada mrefu aliyezikwa kwake, yeye amekuwa akimpelekea maua mabaya, ya hasira, na itabidi ampelekee mazuri.

Wizarani aliwekwa mwanamume mwenye mpangilio. Alianza kwa kutoa waraka kwamba stika za mizigo zisiguswe na mtu yeyote hadi jeneza lifike mlangoni kwa familia. Waraka ulikuwa sahihi, hakuna aliyeweza kuupinga. Siku hizi kila anayeletwa anateremshwa mbele ya mama yake na jina, namba, kilo, na mshale mwekundu. Kanuni ya kutofungua ilibaki kama alivyoiandika.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wanawake wawili hupanda basi la asubuhi kwenda mji wa fundi wa saa. Wazo lilikuwa la mshonaji. Alikuja mwenyewe nyumbani kwa yule aliyekuwa Mheshimiwa, akasimama mlangoni na mkoba wake, akasema hajui njia na hataki kupotea peke yake. Mdogo mtu alimkaribisha ndani, akakataa. Ndani ya basi hawazungumzi sana. Safari ya kwanza, saa ya nne ya mwendo, mshonaji aligeuka akauliza ni kweli alizipiga pasi mwenyewe zile shuka.

"Kweli."

"Zilikuwa zimepigwa vizuri," akasema, akageukia dirisha.

Husimama nje ya geti. Kutoka pale, ukijinyoosha, unaona ukuta mfupi na ncha za nyasi. Safari ya kwanza pazia lilisogea, likarudi. Ya pili hakukuwa na dalili ya mtu, ingawa sauti za saa zilisikika, nyingi kwa pamoja, kila moja na mwendo wake. Ya tatu ilinyesha, nao wakalowa kwa saa nzima.

Safari ya nne, jua likiwa kali, geti lilifunguliwa kiasi cha mkono. Fundi wa saa mwenyewe hakujitokeza. Aliutoa mkono, na mkono ulikuwa umeshika kiti, kile cha kule nyuma. Akakiweka nje, chini ya kivuli cha ukuta, akakitikisa kidogo kuhakikisha kimekaa sawa kwenye changarawe. Geti likafungwa.

Kiti kilikuwa kimoja. Mshonaji alikitazama, akatoa futi shingoni, akaikunja na kuiweka mkobani. Akamkabidhi mwenzake mkoba, akakaa, uso kwenye ufa wa geti. Akaanza kuongea kwa sauti ya chini, ya nyumbani, akimwambia mwanawe aliye ndani habari za mtaa, nani kaolewa, nani kahama, pazia la nani limekaa wiki tatu bila kuchukuliwa.

Yule mwingine alisimama nyuma yake kwenye jua, mkoba mkononi, mpaka basi la kurudi likapiga honi.